Matuta ya Kilmory

Mwaka 2018 nilikuwa nimeshazoea baridi ya Glasgow, lakini bahari ya Uskoti nilikuwa bado sijaijua. Dada yangu, ambaye ni muuguzi huko, ndiye aliyelipia safari. "Wewe mtoto wa Pangani utakaaje mjini mwaka mzima bila kunusa chumvi?" aliniuliza, na Oktoba tukapanda treni hadi Oban. Gatini tukakikuta chombo chetu, boti ya zamani ya uvuvi, ya mbao, iliyogeuzwa kuwa ya abiria. Chombo cha namna hiyo sheria ya Uingereza inakiruhusu kubeba abiria wasiozidi 12. Wakizidi hapo kinahesabiwa kuwa meli ya abiria na masharti yanakuwa mengine. Kwa hiyo tulikuwa wachache, tukila meza moja na mabaharia. Usiku tulitia nanga kwenye ghuba iliyokingwa na upepo. Asubuhi boti ya mpira ilitushusha ufukweni, tukatembea mchana kutwa, na jioni ikaja kutuchukua, wakati mwingine upande wa pili kabisa wa kisiwa.

Nahodha wetu alikuwa mtu mzima, wa maneno machache. Kila alfajiri saa 11 na dakika 20 alifungua redio kusikiliza utabiri wa bahari wa BBC, akingoja majina mawili, Malin na Hebrides, ambayo ndiyo maji tuliyokuwa tukipita. Oktoba dhoruba za Atlantiki hufuatana, moja haijatoka nyingine imeshabisha hodi, hivyo mwenye kauli ya wapi tutalala alikuwa upepo. Mimi nimelelewa na watu wanaohesabu kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Nilimwelewa mzee yule kabla hatujazungumza sana, na nilimwamini.

Tulipita mlango bahari wa Mull kwa utulivu, tukazunguka rasi ya Ardnamurchan yenye mnara wa taa wa mwaka 1849, na hapo mawimbi ya bahari kuu yakatupokea. Dada alishika nguzo na kunyamaza hadi tulipoingia kwenye kivuli cha visiwa. Sitavieleza vyote. Tulikanyaga Skye, tukapanda penye ziwa la Coruisk lililozungukwa na milima ya Cuillin, mawe meusi yanayokwaruza viganja, na sili wakitutazama kutoka majini. Ni mahali pa fahari kubwa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kisiwa cha Rum.

Boti ilitushusha Kinloch, mbele ya kasri la mawe mekundu lililojengwa miaka ya mwisho ya karne ya 19 na tajiri mmoja, George Bullough, ambaye familia yake ilitajirika kwa mashine za viwanda vya nguo Lancashire. Kisiwa kizima kilikuwa mali yake, mahali pa kuwinda kulungu. Tuliliacha kasri mgongoni tukashika njia ya kuvuka kisiwa kwenda Kilmory, upande wa kaskazini, mwendo wa saa mbili na zaidi. Ardhi ilikuwa tope jeusi la mboji linalonyonya kiatu. Mikangaga, ambayo kiangazi humfika mtu kifuani, ilikuwa imekauka na kulala chini, rangi ya kutu. Mvua ilikuja mara tatu na jua mara tatu.

Kabla hatujafika tuliwasikia kulungu. Oktoba ni msimu wao wa kupandana, na madume hunguruma usiku na mchana kuwaonya wenzao. Ni sauti nzito, ya kukwaruza, inayotoka tumboni. Dada alinishika mkono. "Huyo si ng'ombe," alisema. Bonde la Kilmory ndipo watafiti wanapowachunguza kulungu hawa tangu mwaka 1953, na kila mnyama anajulikana mmoja mmoja, mama yake ni nani, alizaliwa lini, amezaa mara ngapi. Tulikaa mbali, kwenye njia, tukaangalia dume mmoja mwenye matope ubavuni akiwakusanya majike wake kila walipotawanyika.

Kisha jua likatoka chini ya mawingu, likilala karibu na bahari, nikaona ardhi yenyewe. Bonde lote lilikuwa na matuta. Yalipangana sambamba, marefu, mengine yakiteremka hadi karibu na mchanga wa pwani. Katikati yake kulikuwa na kuta za mawe zilizobaki kimo cha goti, na nafasi ya mlango. Kiangazi mikangaga hufunika sehemu kubwa, kwani mmea huo hupenda udongo mzuri uliowahi kulimwa. Majira ya majani kupukutika ndiyo yanayofichua, pale majani yanapolala na jua linapopiga kwa upande na kutia kivuli katika kila mfereji. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe angeyatambua matuta yale. Nilishuka nikasimama juu ya moja. Upana wake ulikuwa hatua mbili za kwangu, na bado ulikuwa umeinuka vizuri.

Walioyalima walikula viazi na shayiri. Mwaka 1826 mwenye kisiwa alitaka kondoo, na watu karibu 300 wa Rum wakapakiwa kwenye meli kupelekwa Cape Breton, Kanada. Hawakuwa peke yao. Pwani ile yote ilipitiwa na jambo hilo. Katika visiwa vingi wakulima walikuwa pia wakikusanya mwani na kuuchoma, majivu yake yakiuzwa kwa viwanda vya sabuni na vioo, na wenye ardhi ndio waliopata faida. Baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815 bei ya majivu ikaanguka, na watu wale wale waliokuwa wakihitajika wakaonekana wamezidi. Ng'ambo ya pili, bara, kwenye rasi ya Knoydart, watu zaidi ya 300 walipakiwa mwaka 1853, na waliokataa kuondoka walibomolewa nyumba zao.

Kilmory kuna makaburi madogo yaliyozungushiwa ukuta. Jiwe moja ni la watoto wa nyumba moja, wengi wao walifariki ndani ya siku chache, Septemba 1871, kwa maradhi. Kufikia wakati huo waliobaki bondeni walikuwa ni wachungaji tu. Dada, kwa kazi yake, alisoma tarehe zile mara moja akajua. "Ugonjwa wa koo," alisema taratibu, "umepita nyumba nzima." Akawaombea, tukaondoka.

Kwetu Tongoni, kusini ya Tanga, kuna magofu ya msikiti na makaburi ambayo mji wake ulififia. Huko watu walihama na kusogea, na wajukuu wao bado wako pwani hiyo hiyo wakivua. Rum walifagiwa. Kwenye vitabu vya watalii pwani ile ya Uskoti huitwa pori lisiloguswa na mtu, na mimi nasema sivyo. Limeguswa sana. Ukimya wake ulinunuliwa, na waliolipa hawakuwa wenye pesa.

Baadaye upepo uliturudisha kusini hadi Eigg, na nashukuru kwamba uliturudisha. Watu wa Eigg, wakishirikiana na baraza la jimbo na chama cha hifadhi ya wanyamapori, walikinunua kisiwa chao mwaka 1997 kwa pauni milioni 1.5, baada ya vizazi vya kumilikiwa na mtu mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2008 wakawasha umeme wao wenyewe, wa maji, upepo na jua. Kabla ya hapo nyumba nyingi zilikuwa na jenereta zao. Umeme huo una kikomo, kilowati 5 kwa nyumba kwa wakati mmoja, ili jirani asikose. Tulipanda mlima wa Sgùrr, mita 393, na tuliporudi tulikunywa chai karibu na gati. Watoto waliotoka shule walikuwa wakirushiana gambuti barazani. Dada alihesabu watoto wale kwa sauti, kwa furaha, kama mtu aliyeona mvua.

Knoydart nao walinunua ardhi yao, mwaka 1999. Rum bado sehemu kubwa ni ya serikali, iliyoinunua mwaka 1957, na wakazi wake ni wachache.

Msomaji, ukijaaliwa kufika pwani ile, nenda Oktoba, na usiridhike kuitazama kutoka sitahani. Shuka utembee. Ukiona matuta, uliza yalikuwa ya nani na wenyewe walipelekwa wapi. Wenyeji wanajua, na hupenda kuulizwa.