Kanda Tatu, Amana Tatu

Mshika mbili moja humponyoka, walinena wahenga. Kwa mwenye kuhariri kanda za video za nyumbani, methali hiyo ni onyo la kuzingatiwa, lakini kazi yenyewe haikubali kushikwa moja moja. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kamili kuingia katika kompyuta, na wakati deki inazunguka mikono hukaa bure. Tena jamaa hawaji kwa foleni. Huja pamoja, na kila mmoja huamini kuwa kanda yake ndiyo ya haraka.

Haraka hiyo ina sababu. Kanda ya video ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku, na unyevu wa kisiwani huuotesha ukungu. Deki nazo zimekuwa adimu: kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliiacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016.

Mezani kwangu zimekusanyika kazi tatu. Ya kwanza ni harusi ya dada yangu, iliyorikodiwa Mji Mkongwe mwaka 1998. Ya pili ni marehemu baba akighani tungo zake barazani. Ya tatu ni ya binti wa kaka yangu, anayetaka kukusanyiwa kila picha ya marehemu mama yake, aliyekuwa mke wa kwanza wa kaka.

Kila kazi nimeipa folda yake na daftari lake la kuandika nilipoishia. Kanda asilia zilizokwisha kuingizwa zimehifadhiwa katika diski mbili, na moja haikai nyumbani kwangu. Sizihamishi ovyo, kwani programu ya kuhariri haibebi picha zenyewe. Hukumbuka tu mahali zilipo, na ukiziondoa hapo kazi yote hugeuka kiza. Kwa sababu hiyo hiyo, kukata si kufuta. Filamu ninayoitengeneza ni mfululizo wa amri: anzia hapa, komea pale. Kanda asilia hubaki nzima, na moja huweza kuhudumia kazi mbili bila kupungua.

Mtunzi wa tarbia huhesabu mizani 16 katika mshororo; mimi huhesabu picha 25 katika sekunde. Sote tunajua kuwa kinachozidi hukatwa. Ila mtunzi akikata neno, neno halina jamaa wa kulidai.

Kanda ya harusi ilipigwa na mwanamke upande wa wanawake, wakiwa hawana mabuibui, kwa makubaliano kwamba itatazamwa na wanawake tu. Humo yumo mke wa kaka wa wakati ule, amekaa kitako akimpaka dada hina. Kaka aliposikia kuwa naihariri alinijia. "Dada, yule mtoe," alisema. "Nyumbani kwangu kuna mke sasa." Siku mbili baadaye akaja binti yake. "Shangazi," alisema, "mimi hata sauti yake siijui." Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu.

Nilikwenda kumwuliza mwenye harusi. Dada hakufikiri sana. "Ndiye aliyenipaka hina. Mwache."

Basi harusi imekuwa na nakala mbili. Ya wanawake ina kila kitu. Ya watu wote ina nikahi, wageni wa kiume na chakula. Upande wa wanawake haumo kabisa, na hiyo ndiyo atakayoiona kaka. Aliomba kutolewa mtu katika kanda ambayo hakuwa na haki ya kuitazama tangu mwanzo.

Ya binti ilinichosha zaidi. Ataitazama na mumewe, na mume huyo kwa mama mkwe ni maharimu, lakini si kwa wale wanawake wengine waliojaa ukumbini. Nimepunguza kila picha kingo zake mpaka akabaki mama peke yake: uso, mkono wenye hina, na kicheko kimoja kirefu. Yote haifiki dakika nne.

Imebaki ya baba. Hiyo haina ugomvi, wala hakuna anayenipigia simu kuiulizia, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Katika kazi nyingi zinazokwenda pamoja, inayoponyoka si lazima iwe ngumu kuliko nyingine. Mara nyingi ni ile ambayo mwenyewe hawezi tena kuidai. Kwa hiyo kila usiku huanza na baba, japo kwa robo saa, kabla sijafungua za walio hai. Amefika ubeti wa arubaini, na utenzi bado mrefu.