Kutengeneza motere: tuhesabu masaa mangapi?

Wapenzi wasomaji, wanafunzi wenzangu na ninyi walimu wetu,

Ninataka kuwaelezea jambo lililonifika hapa Mpala wakati wa likizo kubwa. Ninaliandika juu wengi wetu tunapenda kushika vyuma, na mutu akituuliza tunajibu haraka: “Ile ni kazi ya masaa mawili tu.” Mimi pia nilijibu vile. Jibu lile lilimkosesha mama mmoja mtumbwi wa kwenda Kalemie, na mpaka leo nikikutana naye mu njia ninaangalia chini.

Baba mdogo wangu iko na kamioneti ya zamani, ya esansi, inayobeba mihogo na ndagala. Ilianza kukohoa ku mlima, na maji ya radiateri ilikuwa inapunguka kila safari. Baba mdogo alinunua mafuta ya motere, filtri, na bujii nne. Jwenti mpya ya kisanduku cha termostati, mahali maji ya moto inatokea motere, haikupatikana. Akaniuliza: “Utaweza?” Nikamjibu: “Nitaweza, Baba. Nilishaona namna wanafanya. Ni masaa mawili.”

Ilikuwa kazi tano, magaribi. Ile magaribi mama jirani yetu alifika kwetu. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa ameanguka ku muembe na kuvunjika mkono karibu na kiwiko. Ku kituo cha afya walimfunga vijiti na kitambaa, wakamwambia mama ampeleke Kalemie apigwe picha ya mifupa. Mtumbwi wa motere ulikuwa unaondoka kesho yake alfajiri, lakini yeye aliogopa mawimbi, juu ziwa ilikuwa na upepo mukali siku zile. Baba mdogo aliniangalia. Mimi nikasema kwa moyo mukubwa: “Mama, usisumbuke na mtumbwi. Kesho saa sita ya mchana gari itakuwa tayari.”

Alfajiri nikasikia motere ya mtumbwi ikipita mbele ya kijiji. Mama hakuwa ndani.

Siku ya posho nilianza saa moja kamili. Saa nzima ya kwanza sikugusa gari hata kidogo: nilizunguka kwa majirani kutafuta funguo. Ufunguo wa 17 ulikuwa kwa moja, ule wa bujii kwa mwingine, na beseni ya kupokea mafuta nilinyang’anyana na dada yangu aliyetaka kufua. Kisha nikawasha motere dakika kumi, ili mafuta ipate moto kidogo na kushuka vizuri pamoja na uchafu wake. Ile ilikwenda sawasawa. Lakini filtri ya zamani ilikuwa imeshikana kama iliyochomewa. Sikukuwa na chombo cha kuifungulia. Nikajaribu kwa mikono, kwa kitambaa, mwisho kwa mukaba wangu wa suruali. Saa moja na nusu ikapita.

Hapo njo nikafika ku bujii, na hapo njo nikatambua kosa langu la kwanza. Mafuta inataka motere yenye moto. Bujii inataka motere iliyopoa, zaidi sana kama kilasi, kile kichwa cha motere, ni ya aluminiumu. Ukilazimisha bujii mu kilasi yenye moto unaweza kung’oa njia ya bisi pamoja nayo. Kama ningetumia akili, ningeanza na bujii asubuhi, gari ingali baridi tangu usiku, na mafuta ningeimwaga nyuma. Sasa ilibaki kukaa na kungoja. Kungoja ni kazi pia, lakini mu masaa yangu mawili sikuiweka.

Saa sita ya mchana mama akafika. Alikuwa na mufuko wa nguo, chakula cha njia mu kitambaa, na mtoto mwenye mkono uliofungwa. Hakuniuliza kitu. Aliketi chini ya muembe akamlaza mtoto ku mapaja. Mimi nilijifanya niko na kazi nyingi, kumbe nilikuwa ninangoja chuma kipoe.

Bujii tatu za kwanza zilitoka ndani ya nusu saa. Ya nne ilikataa. Nikaongeza bomba ku ufunguo ili nipate nguvu. Wakati ule muzee mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa fundi wa malori miaka mingi, alikuwa anapita njiani. Akanipigia kelele:

“Acha! Ikikatikia mle ndani, utafungua kilasi yote. Unataka kufungua kilasi?”

“Apana, Muzee.”

“Basi leta mazutu kidogo na uketi.”

Tukamwagilia mazutu ku shina la bujii, tukangoja. Akageuza kidogo mbele, kidogo nyuma, akamwagilia tena, tukangoja tena. Ilichukua masaa mane. Mu kungoja kule aliniuliza kama ninajua habari ya meli ya Liemba. Nikasema ninajua jina tu. Akanyosha mukono kule ziwani, akaanza kunieleza, na nyuma nilitafuta miaka yake mu kitabu.

Meli ile ilijengwa Papenburg, mu Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Iliunganishwa kule, ikafunguliwa tena bisi kwa bisi, ikatiwa mu masanduku karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu walitumwa pamoja nayo kuiunganisha mara ya pili, na mwaka 1915 iliingia mu ziwa letu hili Tanganyika. Ilikuwa wakati wa Vita ya Kwanza. Mwezi wa saba wa 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani walikata shauri kuizamisha wao wenyewe ili adui asiipate. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipakaa motere yote grisi nzito. Waza, ndugu: adui yuko karibu, meli inakwenda chini ya maji, na wao wanapakaa grisi! Meli ililala chini ya maji miaka. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na motere ilionekana ingali nzuri. Mwaka 1927 ilirudi ku kazi kwa jina la Liemba, na motere ile ya mvuke ilitumika mpaka miaka ya 1970, wakati walipoibadilisha kwa motere za mazutu.

Muzee akamaliza: “Wale walikuwa na haraka kuliko wewe. Lakini motere walikuwa wameipa wakati wake. Wewe unataka motere ikupe wakati wako.”

Bujii ilitoka saa kumi na moja ya magaribi, nzima. Jwenti ilikuwa ingali haijafanywa, na giza lilikuwa karibu. Mama akasimama, akamchukua mtoto, akasema: “Tutaonana kesho,” akaenda.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Asubuhi nilipopita ku gari nikaona alama nyeusi mu udongo: mafuta mpya ilikuwa inatoka tone kwa tone. Bisi ya chini inakaa na pete yake ya shaba, na mimi nilikuwa nimerudisha ile ya zamani iliyopinda. Kisha ibada, baba mdogo hakupenda tushike kazi siku ile. Muzee akamkumbusha habari ya ng’ombe aliyetumbukia mu kisima siku ya sabato, mu Luka 14. “Na huyu si ng’ombe,” akasema, “ni mtoto.” Basi tulimwaga mafuta mu beseni safi, tukanyosha pete kwa kuipasha moto na kuisugua, tukarudisha mafuta: saa moja na nusu. Jwenti tuliikata mu karatasi ngumu, tukaifuata kwa wembe tundu kwa tundu, tukaipakaa na kuikaza pole pole: masaa mawili. Muzee akakataza kutia maji siku ile. Akataka ikauke usiku mzima.

Kazi moja, saa moja ya asubuhi, tukatia maji, tukawasha, tukaangalia kama inavuja, tukaacha ipate moto, tukazima, tukapima mafuta tena, tukazunguka nayo kidogo. Saa mbili na nusu kila kitu kilikuwa tayari. Saa tatu mama akapanda na mtoto wake, wakaondoka.

Ku Kalemie mkono ulitengenezwa. Daktari alisema ulikuwa umevimba sana, na kama wangefika mapema ingekuwa rahisi zaidi. Mtoto amepona, asante Mungu, anacheza mupira na wengine, lakini kiwiko kile hakinyooki mpaka mwisho. Labda ingekuwa vile hata kama angesafiri alfajiri ile. Hilo siwezi kulijua. Ninajua tu kwamba siku mbili zile alizipoteza juu ya neno langu.

Niliporudi kumuomba mama radhi, hakunigombeza. Alisema tu: “Mutoto wangu, kama ungeniambia ‘sijui’, ningepanda mtumbwi.”

Magaribi ile nilikamata kayee yangu nikaandika masaa yote: kutafuta funguo, 1, mafuta, 1, filtri, 1 na nusu, kungoja ipoe, 2, bujii tatu, nusu saa, bujii ya nne, 4, jwenti, 2, kurudia mafuta, 1 na nusu, kujaribu, 1 na nusu. Jumla ni masaa 15, bila kuhesabu usiku wa kukausha. Nilikuwa nimesema 2. Nikamuonyesha Muzee. Akacheka: “Kazi ya motere iko na vipande vitatu: kufungua, kutengeneza, na kufunga. Wewe ulihesabu kile cha katikati. Nacho pia ulikihesabu kama fundi, na wewe si fundi bado.”

Basi, wenzangu, ninawaachia yale niliyojifunza.

Kwanza, mbele ya kufungua bisi hata moja, weka mezani piesi zote, funguo zote, na pete zote ndogo. Kama kitu kimoja kinakosekana na kinatoka Kalemie ao Lubumbashi, hesabu siku za kukileta, maana gari iliyofunguliwa haiwezi kwenda kukichukua.

Pili, bisi iliyozeeka uimwagilie mazutu ao mafuta siku moja ao mbili mbele. Usiku utakufanyia kazi bure.

Tatu, panga kazi kwa moto na baridi. Bujii asubuhi, gari ikiwa baridi, mafuta nyuma. Na kifuniko cha radiateri usikifungue kamwe motere ikiwa na moto, hata kama mutu anakusukuma na haraka: maji ile itakuchoma uso.

Nne, kuhusu masaa. Kubadilisha mafuta na filtri, mwenye mazoezi anaweza kumaliza kwa nusu saa ao saa moja. Wewe wa mara ya kwanza, toa nusu siku. Bujii pia nusu siku. Kupima supapi, mara nyingi motere sherti ipoe kabisa: toa siku nzima, na gari ilale tangu jana. Jwenti ya kilasi, ile hata fundi wa garaji anaitolea siku nzima na zaidi, juu inaomba kusafisha, kupima kama kilasi imepinda, na kukaza bisi kwa mpango wake, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa zamu. Nyumbani usiseme siku, sema juma. Na kama kilasi imepinda, itaomba kwenda mjini.

Tano, na hili njo kubwa: usianze kufungua motere wakati mutu anaingoja. Na kama unalazimika, usimuahidi saa. Mwambie: “Nitaanza kesho, sijui nitamaliza lini, angalia njia nyingine.” Kusema vile si haya. Ni kumuachia mwenzako nafasi ya kuchagua.

Mu sura ileile ya Luka 14, kisha pale pa ng’ombe, Bwana Yesu anaeleza habari ya mutu anayetaka kujenga mnara: sherti aketi kwanza, ahesabu kama iko na vya kuumaliza, wasije wakamcheka. Mimi siku zote nilifikiri habari ile ni juu ya feza. Sasa ninaona ni juu ya masaa pia. Na anayepata hasara si mjenzi peke yake. Wako wengine wanaoketi chini ya muembe na mufuko wao, wanangoja.

Juma lililopita baba mdogo aliniuliza tena, mu motere mkanda umeanza kulia: “Utahitaji masaa mangapi?” Nikaenda kwanza kuangalia kama mkanda mpya uko, na kama bisi zinageuka. Kisha nikarudi nikamwambia: “Baba, usiahidi mutu safari siku ya posho.”

Mungu awabariki wote mu masomo yenu.

Ni mimi mwenzenu, mwanafunzi wa mwaka wa tano.