Nyumba Iliyohama Nguzo kwa Nguzo

Wanachama wenzangu, mtu akitaja nyumba za Uingereza wengi wetu huona ghorofa za London na majumba ya kifalme. Mimi siku hizi huona nyumba ya mkulima, tena ya miti na udongo. Jina lake Bayleaf, na niliijua kwa picha na kijitabu alivyotuletea mjomba wangu aliporudi kutoka masomoni huko.

Ilijengwa Chiddingstone, jimbo la Kent, mwanzoni mwa karne ya 15, na sehemu nyingine ikaongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Katikati pana sebule iliyo wazi kutoka sakafuni hadi paani. Moto uliwashwa papo hapo sakafuni. Dohani hakuna, moshi ulijitafutia njia huko juu. Madirisha hayakuwa na vioo, bali nondo za mti na mbao za kufungia usiku. Huku na huku kuna vyumba vya juu vilivyotokeza mbele kidogo, kama mtu anayechungulia.

Na kuta je? Kumbe ni fito zilizosukwa baina ya nguzo, zikakandikwa udongo uliochanganywa na samadi na nyasi kavu! Nilipomsomea babu maelezo hayo alicheka sana. "Sasa hao na sisi tumetofautiana nini, mjukuu wangu?" Babu ni fundi wa nyumba za fito kijijini kwetu.

"Tofauti ni viungo, babu," nikamjibu. Mifupa ya nyumba ile ni mti wa mwaloni. Maseremala wa enzi hizo waliuchonga ungali mbichi, kwani ukikauka huwa mgumu ajabu. Mti mmoja ulichongwa ulimi, wa pili ukatobolewa tundu. Ulimi ukaingia tunduni, kisha msumari wa mti ukapigiliwa kupenya yote miwili. Matundu ya msumari yalipishanishwa kidogo kwa makusudi, ili ukipigwa uvute kiungo na kukikaza. Mti ukikauka hapo, basi, haung'oki.

Tena nyumba za aina hiyo zilijengwa mara mbili. Kwanza miti ilipangwa chini na kujaribiwa, kila kiungo kikachorwa alama kama tarakimu za Kirumi, I, II, III. Halafu ilifunguliwa, ikabebwa, ikasimamishwa kiwanjani kwa kufuata alama zile.

Ujenzi huo ndio ulioiokoa Bayleaf. Mwishoni mwa miaka ya 1960, bonde la Bough Beech lilipotengwa liwe bwawa la maji, nyumba haikuweza kubaki pale. Mafundi waliifungua kipande kwa kipande, na mwaka wa 1972 ikasimama tena Singleton, jimbo la Sussex, katika makumbusho ya Weald and Downland, ambako watu huingia kuitazama.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Babu anajua mti upi hauliwi na mchwa, udongo upi haupasuki, na paa lilale vipi mvua isipenye. Hayo yote yamo kichwani mwake tu, wala hakuna alama hata moja mtini. Mikono yake sasa inatetemeka. Baba na ami zangu wameamua kuibomoa nyumba yake likizo ijayo, wamjengee ya mawe. Siwapingi, nyanya naye amechoka kukandika kuta kila mwaka. Lakini kabla nguzo ya kwanza haijang'olewa, nitakuwa pale na daftari na tepu ya kupimia. Nitapima, nitachora, na babu atakuwa kitini akinisahihisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe msomaji, kama kwenu yuko mzee aliyewahi kusimamisha nyumba, muulize mapema. Jiwe halina ubaya. Ubaya ni fundi kuondoka na ujuzi wake, nasi tubaki tukitazama nguzo zilizolala chini, tusijue ipi huenda wapi.