Valcourt: Mji wa Pikipiki za Theluji na Hesabu ya Shokomzoba

Kusini ya jimbo la Quebec, nchini Kanada, yapata kilomita 100 na ushei mashariki ya jiji la Montreal, upo mji mdogo uitwao Valcourt. Si mji wa kujivunia majumba marefu. Pembezoni mwake yapo mashamba ya ng'ombe wa maziwa na misitu ya miti ya maple, ambayo utomvu wake huchemshwa hata ukawa mzito na mtamu kama asali. Lakini ufikapo mwezi wa Desemba, theluji ikaifunika nchi nzima, hapo ndipo msafiri atambuapo mji huu unaishi kwa kazi gani. Kila penye uwanja wa nyumba pamesimama pikipiki isiyo na magurudumu: mbele ina skii mbili kama miguu ya bata, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya kifaru cha vita.

Kwa wasomaji wetu, ambao theluji wameiona kwa mbali juu ya kilele cha Rwenzori au Kilimanjaro, chombo hiki huonekana kama mchezo wa matajiri. Na kweli, siku hizi wengi hukipanda kwa starehe. Lakini mwanzo wake haukuwa starehe hata kidogo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa magari aliyezaliwa karibu na mji huo mwaka 1907, alikuwa akijaribu kuunda gari la kupita juu ya theluji tangu ujana wake. Mwezi wa Januari 1934, mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na maradhi makali ya tumbo. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, hospitali ilikuwa mbali, na chombo cha baba yake kilikuwa hakijawa tayari. Mtoto akafariki.

Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya gurudumu lake lenye meno na mkanda wake, akaanza kuuza magari ya theluji yenye bodi ya mbao, yaliyochukua watu 7. Baadaye akaunda ya watu 12. Yalichukua wagonjwa, barua, watoto wa shule na mapadri. Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipoamuru barabara za mashambani zifagiliwe theluji, biashara hiyo ilidhoofika, naye akageukia chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili. Mwaka 1959 ikatoka Ski-Doo ya kwanza. Jina lililokusudiwa lilikuwa Ski-Dog, kwa kuwa ilitazamiwa kuchukua nafasi ya mbwa wa kukokota sleji. Msimu ule wa kwanza ziliuzwa 225. Bombardier aliaga dunia mwaka 1964, lakini kiwanda kingali Valcourt, na makumbusho yenye jina lake yamo humo humo mjini.

Mbwa, kwa hakika, walistaafishwa. Polisi wa taifa wa Kanada, wale wajulikanao duniani kwa koti jekundu na farasi, walifanya doria yao ya mwisho ya sleji za mbwa mwaka 1969. Mbwa alikuwa na faida zake: hakuhitaji petroli wala spea, na aliijua njia ya nyumbani hata katika tufani. Hata hivyo pikipiki ya theluji hukata kwa saa chache masafa ambayo mbwa waliyakata kwa siku kadhaa, na haili samaki wakati wa kiangazi.

Basi, mtu wa Quebec anayetaka kununua chombo hiki leo hukutana na swali ambalo Bombardier hakulazimika kulijibu. Mashine moja, yenye injini moja na mkanda mmoja, huuzwa kwa namna mbili au tatu. Ile ya kawaida ina shokomzoba za kawaida. Ile ya juu ina shokomzoba zilizo bora zaidi, na bei yake huzidi kwa dola elfu moja, elfu mbili, pengine na zaidi. Je, nyongeza hiyo ina thamani yake, au ni fedha za kununulia rangi nzuri ya springi?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuitazama njia yenyewe. Quebec ina njia za pikipiki za theluji zipatazo zaidi ya kilomita 30,000, zenye alama na vibao kama barabara kuu, na mwendo uliowekwa na sheria hauzidi kilomita 70 kwa saa. Njia hizo hupita misituni, juu ya maziwa yaliyoganda na kando ya mashamba. Asubuhi huwa laini kama meza. Lakini ikipita mashine ya mia moja, ya mia mbili, theluji hujikunja ikawa mawimbi, wimbi baada ya wimbi, hasa mahali pa kufunga breki na mahali pa kutoka katika kona. Dereva yeyote wa Land Rover aliyepita barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati la kuezekea nyumba anaijua hali hiyo vyema. Tofauti ni kwamba mikunjo ya barabara ya changarawe hufika kifundo cha mguu, na ile ya theluji yaweza kufika goti.

Mashine za kwanza zilipita humo zikiwa na vigurudumu vidogo ndani ya mkanda, vilivyoshikiliwa na springi fupi, na mbele skii zilifungwa kwa vyuma vilivyobebana kama springi za lori. Kilichopunguza kishindo kilikuwa sponji ya kiti na magoti ya mpandaji. Katika miaka ya 1970 vigurudumu viliachia nafasi reli mbili ndefu ambazo mkanda huteleza chini yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 skii za mbele zilianza kupewa kila moja springi yake na shokomzoba yake. Leo sehemu ya nyuma huweza kupanda na kushuka sentimita 25 na zaidi. Hata mashine ya kawaida ya siku hizi, basi, ni godoro ikilinganishwa na ile ya babu. Jambo hili wauzaji hawalitaji sana.

Kazi ya springi na kazi ya shokomzoba ni mbili, na watu wengi huzichanganya. Springi hubeba uzito. Ikiachwa peke yake, ikibonyezwa huruka, ikaruka tena, kama kitanda cha chuma chini ya watoto. Shokomzoba ndiyo huituliza: ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya kishindo hugeuka kuwa joto. Naam, joto, hata kama nje ni digrii 20 chini ya sifuri. Katika njia yenye mawimbi mengi, shokomzoba ya kawaida hupiga maelfu ya mipigo kwa saa moja. Mafuta hupata moto, huchanganyika na hewa iliyomo ndani, yakatoka povu. Povu halina uzito wa kuzuia kitu. Ndipo mpandaji aonapo kuwa mashine iliyokuwa tulivu asubuhi, alasiri inamrusha kama punda mkaidi, naye hudhani njia imeharibika zaidi.

Shokomzoba ya bei ya juu imetengenezwa kuzuia jambo hilo hasa. Mwili wake ni wa aluminiamu, ambayo hutoa joto upesi. Gesi ya naitrojeni imetengwa na mafuta kwa pistoni ya pili, kwa hiyo povu halifanyiki kwa urahisi. Nyingine zina kopo la akiba pembeni ili mafuta yawe mengi. Zipo zenye kitufe cha kuzungusha kwa vidole, kulegeza au kukaza kwa kadiri ya njia. Na jambo kubwa kuliko yote kwa mwenye mfuko mdogo: zaweza kufunguliwa, zikabadilishwa mafuta na mipira ya kuzuia uvujaji, zikarudi kama mpya. Zile za kawaida, aghalabu, zikichoka hutupwa.

Lakini hapo pana mtego. Chombo chenye kufunguliwa hutaka kufunguliwa. Mafuta yake hayana budi kubadilishwa kila baada ya kilomita elfu chache, na kazi hiyo huhitaji fundi mwenye gesi na vifaa. Mtu aliyelipa dola elfu mbili kisha akaendesha misimu minne bila ya kuzigusa shokomzoba zake, amebaki na shokomzoba mbovu za gharama kubwa. Kadhalika vitufe: wengi huvizungusha siku ya kwanza dukani, wakavisahau.

Wenyeji wenye uzoefu, kabla ya kulipa nyongeza, huanza na springi. Springi za kiwandani zimepimwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Mtu mnene, au mume na mke wanaopanda pamoja, huibonyeza sehemu ya nyuma hata ikagota chini, kisha husema shokomzoba hazifai. Dawa ya kosa hilo ni springi ngumu zaidi, ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya nyongeza ile. Kipimo chake ni rahisi: mpandaji huvaa mavazi yake yote ya baridi, huketi, na mwenziwe hutazama. Nyuma inapaswa kushuka kiasi. Ikibaki imesimama kama jiwe, springi ni ngumu mno. Ikizama karibu yote, ni laini mno.

Anayekaa nyuma ndiye anayestahili kuulizwa kwanza, na aghalabu huyo ni mke, ambaye dukani huombwa ushauri wa rangi peke yake. Mbele, dereva huliona wimbi linakuja. Hukunja magoti, hunyanyua kiuno, hupunguza mwendo. Nyuma, abiria ameketi juu ya reli zenyewe, haoni kitu isipokuwa mgongo wa mumewe, na kishindo humpata hajajiandaa. Uti wa mgongo wake ndio unaolipa zile dola zisizotolewa. Familia inayosafiri kwa namna hiyo kilomita 2,000 au 3,000 kila msimu, katika njia zenye msongamano wa mwisho wa wiki, haitupi fedha ikinunua shokomzoba bora. Hali ni tofauti kwa mkulima anayeitumia mashine kufuata uzio wake na kuvuta kuni kutoka msituni kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Huyo akilipa nyongeza hiyo amempa muuzaji zawadi.

Kaskazini zaidi, msitu unapokwisha, hesabu ni nyingine kabisa. Huko wapo askari wa akiba waitwao Canadian Rangers, kikosi kilichoundwa mwaka 1947, wengi wao wakiwa wenyeji wa asili, wavaao fulana nzito nyekundu. Hawa hufanya doria kwa pikipiki zao wenyewe, na jeshi huwalipa kwa matumizi ya chombo. Nyuma ya pikipiki hufungwa sleji ndefu ya mbao yenye hema, mafuta, chakula na bunduki. Spea huja kwa ndege. Kwa askari wa namna hiyo, mkanda mpana, injini isiyo na makuu na sehemu awezazo kuzitengeneza kwa spana mbili juu ya barafu ni bora kuliko kopo la naitrojeni ambalo fundi wake yuko kilomita 1,000 kusini. Wakubwa wa vikosi popote duniani wangefanya vyema kuikumbuka hesabu hiyo kabla ya kuagiza magari yenye madoido.

Ipo pia njia ya kupunguza kishindo ambayo haiuzwi na kiwanda. Kila usiku matrekta makubwa ya vyama vya wapandaji hutoka kuvuta chuma kizito, kuyavunja mawimbi na kuisawazisha theluji. Theluji hiyo huhitaji saa kadhaa za baridi tulivu ili igande. Anayetoka alfajiri hupita juu ya sakafu. Anayetoka saa nane za mchana hupita juu ya mabaki ya wenzake. Kazi hiyo hulipiwa kwa kibali cha mwaka ambacho kila mpandaji hununua kwa mamia ya dola, na mwenye kukinung'unikia kibali hicho huku akilipa maelfu kwa shokomzoba hajaipanga vyema hesabu yake.

Linalotatiza uamuzi zaidi ni wakati wake. Mashine zenye shokomzoba za juu aghalabu huagizwa majira ya kuchipua, mwezi wa Machi au Aprili, theluji ikiwa inayeyuka na njia zikifungwa moja baada ya nyingine. Mnunuzi hutia sahihi kwa kitu ambacho hataweza kukijaribu hata kidogo. Ndiyo sababu wenye busara humwomba jirani mwenye mashine ya namna hiyo awaazime kwa nusu saa wakati njia zingali wazi, alasiri, si asubuhi, katika kipande kibaya kuliko vyote karibu na mji. Mume huendesha kwanza, mke nyuma. Kisha hubadilishana nafasi. Wakirudi, hupanda mashine yao ya zamani na kupita pale pale. Karatasi ya duka hungoja mezani mpaka siku ya mwisho ya kuagiza, na chombo chenyewe, wakiagiza chochote, hufika Novemba.