Hesabu ya Siku za Bandeji

Kazi yangu yote imekuwa kusafisha na kufunga vidonda vya watu wa Eastlands, kuanzia Kariobangi na Dandora hadi Kayole, na imenizoesha kupima kila dawa mpya kwa swali moja: bandeji yake inakaa siku ngapi kabla ya kufunguliwa? Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari hudumu wiki, mara nyingi miezi. Kila kukifungua ni nauli ya matatu, ni kibarua kilichopotea, tena ni nyama changa iliyong'oka pamoja na shashi iliyokauka. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Ila kwenye trei zetu shashi kavu na spiriti bado ndivyo vilivyo karibu na mkono.

Kwa hiyo nyuzi za polima zenye peptidi nazitazama kwanza kama bandeji, dawa baadaye. Polima iliyoyeyushwa hupitishwa kwenye sindano yenye umeme wa maelfu ya volti, ikavutika kuwa uzi mwembamba kuliko unywele mara mamia, na nyuzi hizo hulaliana kama utando wa buibui. Ndani yake hufungiwa peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. LL-37, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, ina asidi amino 37, huua bakteria na kuzihimiza seli za ngozi zisogee. Lakini kidonda sugu kimejaa vimeng'enya vinavyokatakata protini. Peptidi ukiipaka hivi hivi, huliwa kabla haijafanya kazi. Uzi huificha na kuitoa kidogo kidogo.

Mwenye shaka atanitajia pexiganan, krimu ya peptidi ya kupaka vidonda, na ana haki. Ilitokana na peptidi ambayo Michael Zasloff aliigundua mwaka 1987 katika ngozi ya chura wa Afrika. Marekani iliikataa mwaka 1999, na majaribio yaliyotangazwa mwaka 2016 yakaonyesha kwamba haikuishinda krimu isiyo na dawa. Mimi nasoma hapo kwamba kuua bakteria peke yake hakufungi kidonda. Na ile ilikuwa krimu ya kupaka mara mbili kwa siku, jambo ambalo uzi unakusudia kulikomesha. Hilo halithibitishi kwamba uzi utafaulu, linaonyesha tu kwamba swali bado halijajibiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mguu wenyewe. Muuza mitumba wa Gikomba anayesimama kutwa juu ya kidonda chake hataponywa na utando wowote. Plasta ya kupunguza uzito kwenye unyayo, sukari iliyodhibitiwa na kiatu kisichobana vinatangulia. Nakubali bila kusita. Wanaolalamikia bei ya nyuzi hizi, hata hivyo, hulinganisha kipande kwa kipande, na shashi lazima ishinde hesabu hiyo. Walinganishe kidonda kwa kidonda, nauli na vibarua vikiwemo.

Udhaifu ninaouhofia uko kwingine: nyuzi nyingi humwaga sehemu kubwa ya dawa saa za mwanzo. Bandeji iliyoachwa wiki nzima huku peptidi imekwisha siku ya kwanza ni kitambaa safi cha bei ghali. Watafiti watuonyeshe kinachotoka siku ya 7, ndani ya usaha halisi, mguuni mwa mtu anayetembea.