Waliozikwa bila Jiwe

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kwamba ninyi vijana wa kanisa mtafyeka makaburi ya zamani ya misioni na kuweka bamba la waanzilishi. Ila orodha mliyoiandaa siikubali, kwa sababu ina wamisionari watupu. John Springer na mkewe Helen waliupanda Umethodisti Kambove, wakaijenga misioni ya Mulungwishi, na heshima yao ni haki yao. Lakini reli ilipofika Kambove mwaka 1913, wafanyakazi waliotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walishuka huko wakiwa tayari wanajua kusoma, kuimba na kuomba. Kule kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, mtu aitwaye Kayeka, Mlunda aliyepelekwa utumwani Angola, alirudi kwao akiwa Mkristo na kuanza kuhubiri. Mmisionari asingekuwa na kanisa bila watu wa namna hiyo.

Utauliza: mbona basi makaburi yanaonyesha Wazungu? Tazama yametengenezwa kwa nini. Kaburi lenye saruji limebaki na jina lake. La mfanyakazi lilisimikwa msalaba wa mti, mchwa wakaula, pakabaki tuta na pengine sahani ya bati iliyotobolewa, imeshika kutu. Homa kuu ya mafua ya 1918 ilipoingia katika kambi za wafanyakazi, watu walizikwa kwa haraka, na nani angechonga jiwe? Kwa hiyo jiwe ni ushahidi wa nani alikuwa na saruji. Halisemi nani alitangulia.

Basi bamba liwataje nao, pamoja na walikotoka. Wapo watakaokuambia kwamba kutaja asili za marehemu ni kuchokoa kidonda cha 1992, wakati ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa hapa Katanga, wakalala stesheni ya Likasi wakingoja gari la moshi, na wengine wakafia hapohapo. Hofu hiyo naielewa, wala siidharau. Hata hivyo kidonda kile kilitokana na uongo kwamba mji huu una wenyewe na wageni tu. Ardhi ni ya Wasanga, na bamba lianze kwa kuwataja. Baada yao, kila mtu alikuja: mfalme Msiri mwenyewe alitoka upande wa Unyamwezi, na kampuni ya migodi ya Union Minière ilichukua vibarua Kasai, Rwanda na Rhodesia. Makaburi yaliwapokea wote, bega kwa bega. Tukificha walikotoka, tutamwachia mchochezi mwingine nafasi ya kusema hawakuwapo.

Mwingine atasema majina yamekwisha kupotea. Siyo yote. Vitabu vya ubatizo viliandika jina, wazazi na mara nyingi kijiji, na penye tuta lisilojulikana inatosha kuandika “mfanyakazi wa kambi”. Anzeni na vitabu hivyo kabla ya kumwita fundi wa bamba, maana mchwa walioila misalaba wanakula na karatasi.

Ni mimi mjomba wako,
Likasi