Bunduki ya Kwanza ya Kijana Wetu



Wasomaji wetu wapenzi, kina mama na kina baba, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuwasimulie mashauri yaliyotukalisha barazani hapa Kibarani kwa siku nyingi. Yalihusu kitu ambacho hakijapata kuingia katika nyumba yetu tangu enzi za wazee wetu, nacho ni bunduki.

Kijana wetu anaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, yeye na mkewe na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka minne. Mwaka jana kazi ilimhamishia mji mdogo wa kaskazini, ambako duka la nyama halali lililo karibu ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na theluji ikianguka mwendo huo huwa mrefu zaidi. Wenzake kazini huwinda kila mwezi wa Novemba. Mnyama wao ni kulungu wa kule mwenye mkia mweupe, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi. Mmoja tu akipatikana huweza kutoa kiasi cha kilo 20 za nyama. Kijana akatutumia ujumbe wa sauti: "Nawaamkia, baba na mama. Nataka kununua bunduki ya kuwindia. Sitainunua bila ya idhini yenu, na sijui ninunue ya namna gani."

Baina yetu wawili, mama mtu alikataa papo hapo. Alisema kwamba nyumba yenye mtoto wa miaka minne si nyumba ya kuwekwa bunduki, na kwamba bora wale samaki na maharage mwaka mzima. Baba mtu alinyamaza, kwa kuwa hakuwa na la kusema. Sisi ni watu wa pwani. Tunalijua shema, tunaijua mishipi, lakini bunduki twaiona mabegani mwa askari tu. Na sheria ya nchi yetu imetuzoesha hivyo: serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamwadhibu anayeua mnyama wa porini kwa ajili ya kitoweo. Kwa hiyo asije msomaji akadhani kuwa twamfundisha mtu kwenda Shimba Hills. Tunazungumzia nchi ambayo sheria yake inaruhusu, kwa leseni, kwa msimu na kwa idadi maalumu.

Tulipokwama tukamwendea ami yetu. Umri wake umepita miaka 80, na kabla ya marufuku ile alikuwa mpishi katika kambi za wawindaji wa kizungu pande za Voi. Kazi yake ya pili, ambayo watu wengi leo hawaijui, ilikuwa kuchinja. Katika safari zile Waislamu walikuwa wengi miongoni mwa wapagazi, wapishi na wabeba bunduki, na mnyama akishapigwa, mmoja wao hutimka na kisu ili amuwahi akiwa hai, apate kuchinjwa na watu wake wale. Akichelewa, nyama huliwa na wengine, na Waislamu hushindia wali na maharage.

Tulimpa swali la kijana. Hakuuliza bei wala jina la kiwanda. Aliuliza: "Bega lake lina nguvu gani?"

Tukacheka, naye hakucheka. Akatueleza kwamba alipata kuwahudumia wageni wengi waliokuja na bunduki kubwa kubwa ambazo wao wenyewe walikuwa wakiziogopa. Bunduki ikilia husukuma nyuma, na kadiri risasi inavyokuwa na baruti nyingi ndivyo bega linavyopigwa. Mtu akishaumia mara mbili tatu, mwili hujifunza hofu: jicho hufumba kabla ya mlio, mkono hushtuka, na risasi iliyokusudiwa moyo huenda tumboni. "Hapo mnyama hukimbia na jeraha lake," alisema ami, "nami hukimbia nyuma yake na kisu changu. Siku moja nilimfuata kongoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipomfikia alikuwa ameshakufa zamani, nzi wamemjaa. Sikumla, wala sikumsahau."

Maneno hayo yalitubadilishia swali. Sisi tulikuwa tukiuliza kijana anunue bunduki yenye nguvu gani, kumbe la kuulizwa lilikuwa ni ipi ataweza kuitumia bila ya kumtesa kiumbe cha Mwenyezi Mungu.

Tukarudi katika mafundisho yetu. Katika Sura ya Al-Maida Mwenyezi Mungu amehalalisha mawindo, na katika sura hiyo hiyo ameharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa au kupondwa. Hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inapambanua mambo hayo mawili: mshale ukimtoboa mnyama kwa ncha yake, huliwa, ukimpiga kwa ubavu wake akafa kwa kishindo, haliwi. Na hadithi ya Shaddad bin Aws inatuamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua: kisu kinolewe, na mnyama apumzishwe upesi.

Je, risasi ya bunduki ni ncha au ni kishindo? Hapa wanavyuoni walikhitilafiana. Wa kale walizungumzia kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, kinachoua kwa kuponda, wakakikataza. Baruti ilipoenea, wako walioiingiza risasi katika hukumu ya kidonge hicho, na wako walioona kwamba risasi hutoboa mwili na kupita, hivyo hukumu yake ni ya mshale. Miongoni mwa hawa ni Imamu ash-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834. Sisi si wanavyuoni, na kila nyumba na imuulize sheikhe wake. Lakini wote wameafikiana kwamba mnyama akikutwa angali na uhai uliotulia, sharti achinjwe. Basi tukamwambia kijana achukue njia ya wazee wa kambini: ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, awe na kisu kikali kiunoni, na aende mbio.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia katika kaliba, yaani upana wa risasi, ambao Wamarekani huupima kwa inchi. Kijana alikuwa amekwenda dukani, na muuzaji akamshikisha bunduki ya .300 Winchester Magnum, akimwambia kuwa hiyo haitamwangusha. Ni risasi ya mwaka 1963, yenye nguvu ya kuua wanyama wakubwa kuliko kulungu mara kadhaa. Alipotuonyesha picha, ami aliitazama, akatikisa kichwa. "Mwambieni asinunue kabla ya kupiga," alisema.

Kijana alitii. Katika kiwanja cha shabaha wenzake walimwazima bunduki zao tatu, akapiga risasi tano kwa kila moja kutoka mita 100. Kwa ile magnum, matundu yalitapakaa karatasi nzima, na risasi ya tano haikuigusa kabisa. Kwa .30-06, risasi kongwe ya jeshi la Marekani tangu mwaka 1906, alifanya vizuri zaidi, ila alikiri kwamba bega lilimuuma hadi usiku. Kwa .243 Winchester, iliyotoka mwaka 1955 na ambayo teke lake ni takriban nusu ya ile ya .30-06, matundu yote matano yalifunikwa na kiganja kimoja.

Tulidhani ami atafurahi mara moja. Badala yake alionya upande wa pili: bunduki ndogo kupita kiasi nayo ni dhulma, kwa kuwa hujeruhi isiue. Akataka kujua kama hiyo ndogo inamtosha kulungu. Kijana akauliza wajuzi wa kule, wakamjibu kwamba inamtosha, kwa sharti la kuijua mipaka yake: mnyama awe ubavu, si uso wala mgongo, shabaha iwe nyuma ya bega, penye moyo na mapafu, na umbali usizidi ule ambao mkono wake umeuzoea. Kijana akajiwekea mita 120, wala asizidishe hata mnyama awe mnono namna gani. Akanunua hiyo ya .243, ya kukoki kwa mkono, itoayo risasi moja baada ya moja. Mtu ajuaye kwamba ana nafasi moja hutulia.

Likabaki jambo moja, na hili kina mama mlisikilize vizuri. Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili: ile inayotoka mtutuni, na madini mazito ya kijivu ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotengenezewa. Madini hayo ni sumu. Huathiri ubongo wa mtoto mchanga na wa aliye tumboni, na wataalamu hawajui kiasi chake kisichodhuru. Mwaka 2008 majimbo ya Minnesota na North Dakota yalipima nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji kwa ajili ya maskini, yakakuta ndani yake vipande vidogo vya madini hayo. Risasi ikimwingia mnyama kwa kasi humeguka, na vipande vyake huenda mbali na tundu, vidogo hata jino lisivihisi. Mkaza mwana wetu ana mimba ya miezi mitano. Tulipolisikia hili tulimpigia kijana usiku ule ule, na akakubali kutumia vichwa vya shaba tupu, ambavyo bei yake ni kubwa kidogo lakini havimeguki namna ile. Risasi isiyo na risasi, ami akasema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Na mtoto wa miaka minne? Mama mtu hakutoa idhini yake mpaka alipoonyeshwa, kwa simu ya video, kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa misumari ya parafujo, bunduki ndani yake ikiwa tupu, na risasi katika sanduku jingine lenye kufuli jingine, chumba kingine. Funguo zote ziko kwa kijana na mkewe. Alitaka pia aone cheti cha mafunzo ya usalama, ambacho sheria ya Minnesota inakidai kwa mwindaji yeyote aliyezaliwa baada ya mwaka 1979, na ile fulana ya rangi ya machungwa inayowaka, ambayo wawindaji huvaa ili wasipigane risasi wao kwa wao. Alivitazama vyote, akasema: "Haya. Lakini siku mtoto atakapojua ziliko funguo, iuze."

Msimu ulifunguliwa Jumamosi ya mwanzo wa Novemba. Huku kwetu ilikuwa baada ya swala ya alasiri, malori yakipiga foleni kuelekea Makupa, nasi tumekaa na simu katikati yetu. Ujumbe ulipofika ulikuwa mfupi. Alimwona dume kubwa, lakini lilisimama mbali, kiasi cha mita 200, likimpa mgongo. Hakupiga. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na wenzake wakamcheka.

Ami aliurudia ujumbe ule mara mbili. Kisha akasema kwamba katika miaka yake yote ya kambini aliwaona wageni wengi wakipiga vizuri, ila waliojua kuacha walikuwa wachache.

Juma la pili alipata jike, ubavu wazi, mbele yake hatua kama 80. Alianguka alipokuwa amesimama. Kijana alipiga mbio, akamkuta bado anahema, akasoma bismillahi akamchinja. Usiku ule alitupigia simu, na ami akaomba apewe yeye kwanza. Alimuuliza swali moja tu: "Ulimuwahi?"

"Nilimuwahi, babu."

Mzee akaturudishia simu, akageuza uso upande wa barabara, akajipangusa macho kwa ncha ya kikoi.

Wasomaji wetu, huenda hakuna katika nyinyi atakayenunua bunduki. Lakini vijana wetu wametawanyika duniani, na kila siku wanaulizwa na nchi za watu maswali ambayo barazani kwetu hayakuwahi kuulizwa. Wakituletea, tusiwajibu kwa hofu tu, wala tusiwaachie wajijibu wenyewe. Tukae nao, tumtafute mzee anayejua, tuangalie sharia yetu na sheria ya nchi waliyomo, tuwakumbuke na walio tumboni.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awape riziki ya halali, na ajaalie mikono yao iwe na huruma. Amin.